Fungu la Rasmus

Kilichomwamsha Keike ni mashine ya povu, ile inayosafisha maji ya tangi la samaki. Ilikuwa inakoroma. Nyumba nzima ilishauzoea mlio wake wa siku zote, ule wa mtu anayepuliza uji wa moto, lakini asubuhi ile ilitoa sauti ya mtu aliyepaliwa. Akashuka ngazi pekupeku. Kabla hajafika chini alikanyaga maji baridi.

Alidhani mvua imepenya dirishani. Akawasha taa ya sebule, akaona povu limefurika kutoka kwenye kikombe cha mashine na kutiririka hadi sakafuni. Tangi la kioo lilikuwa limejaa maji meupe kama tui. Chini, mchangani, samaki walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi, matamvua yametanuka. Hakuna aliyekuwa na jeraha.

"Baba!" aliita. "Baba, njoo."

Baba mkwe wake, mzee Brar, alikuwa keshaamka. Alikaa jikoni na chai yake, mgongo kaupa mlango, wala hakugeuka.

"Kuna nini?"

"Wamekufa."

Kikombe kiligonga kisahani. "Nani? Nani kafa?"

"Samaki, baba. Wote."

Mzee alikigeuza kikombe kwenye kisahani. "Ah," alisema mwishowe. "Samaki." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetarajia kuambiwa jambo jingine, lakini Keike hakuwa na nafasi ya kulitafakari hilo.

Alichukua kijavu akaanza kuwatoa mmoja mmoja na kuwaweka kwenye beseni. Wale wa njano. Yule wa buluu aliyekuwa na hasira na kila mtu. Kamba mwekundu. Na yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Huyu wa mwisho alimshika kwa vidole, si kwa kijavu, akamtafutia mwenzake. Hakumwona. Aliinua mawe, akapapasa mchanga, akalala kifudifudi kuchungulia nyuma ya kabati, maana samaki wa tangi huweza kuruka nje. Hakukuwa na kitu.

Wale wa chungwa walikuwa mke na mume. Kwa samaki hao jike ndiye mkubwa, na dume humfuata nyuma kama mtumishi. Nahmen, mumewe Keike, alikuwa akiwaonyesha wageni huku akicheka. "Huyo mkubwa ni mke wangu," angesema. "Huyo mdogo anayeburuzwa ni mimi. Akikosea anang'atwa mkia." Na Keike angempiga kwa taulo la jikoni, na mzee Brar angejifanya hasikii.

Aliyepotea sasa ni yule mkubwa.

Kwetu watu hudhani majini na mashetani hawapandi kaskazini, kwamba baridi inawashinda. Anayedhani hivyo hajawahi kulala kisiwani Föhr, pwani ya Ujerumani, mwezi wa Novemba, upepo ukizunguka nyumba kutafuta tundu la kuingilia na bahari ikisikika hata na kiziwi. Kule wako. Wana majina yao tu.

Nahmen alikuwa akifanya kazi kwenye meli ya kuweka maboya, yale yanayoonyesha njia ya maji kati ya visiwa. Miezi miwili kabla ya hapo, katika dhoruba, mnyororo uliteleza ukamchukua. Wenzake walizunguka pale mpaka giza likaingia, helikopta ikazunguka mpaka kesho yake, wakaokota glavu moja. Mwili haukuonekana.

Keike hakutaka neno la kifo. "Hajarudi," ndivyo alivyosema, dukani na kanisani na kwenye simu, na mtu aliyeteleza akasema "marehemu" aliachwa amesimama na salamu zake mdomoni. Alibaki kulitunza tangi. Maji yake Nahmen alikuwa ameyateka mwenyewe ufukweni, ndoo baada ya ndoo, akayachuja, kwa kuwa hakutaka chumvi ya pakiti na hali bahari iko mlangoni. Kwa hiyo palikuwa na kipande cha bahari sebuleni mwao, na Keike alikipima joto, akakilisha, akakisemesha. Mtu asiyekuwa na kaburi atafanyaje?

Sasa ilikuwa inakaribia Jumapili ya Wafu, ambapo kanisani husomwa majina ya waliofariki mwaka huo, na kila jina huwashiwa mshumaa. Mchungaji Frauke alikuja, akanywa chai, akauliza kwa upole kama amsome Nahmen.

"Utamsomaje mtu ambaye hajarudi?" Keike alimjibu.

"Basi nitasubiri neno lako," alisema mchungaji. Alikuwa mama mwenye busara. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia, na huyu mfiwa alikuwa amekaza midomo.

Mchana wa siku ile waliyokufa samaki, Keike alimpigia simu Detlef, rafiki wa Nahmen aliyekuwa akiishi bara, mjini Husum, ambaye tangi lake lilikuwa kubwa kuliko gari lake.

"Moin, Keike."

"Detlef, samaki wa Nahmen wamekufa. Usiku mmoja, wote. Nataka kujua kwa nini."

"Pole, shemeji. Pole sana. Chumvi?"

"Nimepima. Iko sawa."

"Joto?"

"Lilelile."

"Hukupuliza dawa ya nzi? Hukusafisha kioo kwa sabuni?"

"Detlef, mimi si mtoto."

"Haya, haya. Midomo ikoje?"

"Wazi. Na matamvua yametanuka."

"Basi hao wamekosa pumzi. Maji yana rangi gani?"

"Tui. Na povu limefurika mpaka sakafuni."

Keike alimsikia Detlef akikuna ndevu. "Shemeji, usinikasirikie. Umewapa pombe?"

"Unaniona nimeanza kunywa?"

"Sisemi wewe! Samaki! Sisi wenye matangi huwa tunatia matone ya vodka, kidogo sana, chakula cha vile vijidudu vinavyosafisha maji. Ukizidisha vinazaana kama vimepigwa wazimu. Maji yanakuwa tui. Usiku, taa zikizimwa, vinavuta hewa yote iliyomo, na kufika alfajiri samaki kwisha. Nimeshaua wangu hivyohivyo, nikalia kama mjinga."

"Mimi sijatia kitu."

"Basi kuna mtu katia. Na halikuwa tone."

Alipokata simu alirudi kwenye mashine, akachomoa kikombe cha povu, akakinusa. Ndipo alipoitambua harufu iliyokuwa ikimsumbua tangu asubuhi. Ilikuwa ya kiungo cha kisibiti.

Mabaharia wa kule wana pombe yao kali ya kisibiti, köm, nyeupe kama maji na yenye kuchoma kama shitaka la kweli. Nahmen aliipenda. Na baharia wa kule, hata awe mcha Mungu wa namna gani, hanywi kabla hajamwaga funda la kwanza baharini. Hilo ni fungu la Rasmus, mwenye upepo na mawimbi, ambaye mababu zao walimwogopa kuliko serikali. Mnyime Rasmus fungu lake uone. Nahmen alikuwa akifanya hivyo hata mezani, akimimina tone kwenye sahani na kucheka.

Nyumbani mle, kwa kadiri alivyojua, hapakuwa na chupa. Mzee Brar aliacha pombe tangu alipomzika mkewe, na Keike hakuinywa kamwe. Sasa nani mwingine aliyeijua njia ya kufika kwenye tangi lile gizani?

Alitazama ngazi. Povu lilifurikia sebuleni, sawa. Lakini maji aliyakanyaga ngazini, na povu halipandi ngazi.

Usiku ule aliuacha wazi mlango wa chumba chake cha juu, kwa makusudi. Mwenye akili timamu asingefanya hivyo, lakini yeye akili yake ilikuwa imezama pamoja na mtu wake. Chini aliacha taa ndogo ya buluu ya tangi ikiwaka.

Kwanza ilizimika taa. Mwanga wake ulikuwa ukifika hadi kizingitini, ukakatika. Kisha ikapanda harufu, kisibiti kilekile, safari hii kimechanganyika na mwani na chuma chenye kutu. Kisha ngazi ya chini ikalia, ikafuata ya pili, na kila hatua ilitoa sauti ya kiatu kilichojaa maji, chwaa, ikatulia, chwaa, ikatulia, na Keike akafumba macho kwa nguvu kama mtoto, na alipotaka kuita jina ulimi ukagoma, na alipotaka kuinuka miguu haikuwa yake, na mwendo ule ukavuka kizingiti bila haraka, ukazunguka kitanda kwenda upande wa dirishani, upande aliokuwa akilala Nahmen, ukasimama pale, na baridi ikamshukia usoni kama mlango wa friji umefunguliwa, na tone likaanguka kwenye mto, karibu kabisa na sikio lake, na jingine, na jingine, mpaka nywele zikalowa, na katikati ya woga ule, Mungu amsamehe, akafurahi.

Hakufumbua macho. Hatua zilipogeuka na kushuka alitaka kupiga kelele aifuate sauti ile, lakini alichoweza ni kulia kimyakimya.

Asubuhi mto ulikuwa umelowa na sakafu ilikuwa na kidimbwi pale upande wa dirishani. Alichovya kidole, akakilamba. Chumvi. Mstari wa maji ulishuka ngazi, ukapita mbele ya tangi, ukaishia chini ya mlango wa nje.

Inken alifika kabla ya saa sita mchana, kwa baiskeli, mvua imemlowesha. Babu yake na babu wa Nahmen walikuwa binamu, kwa hiyo alikuwa wifi yake kwa mbali sana. Keike hakuwa amezungumza naye tangu lile tukio la kwanza. Usiku wa dhoruba, kabla hata simu ya meli haijapigwa, Inken alimwona Nahmen amesimama miguuni pa kitanda chake, amelowa, kimya, na taa imezimika. Kule humwita Gonger, mtembezi. Aliyezama hurudi kuwaambia watu wake kwamba amekufa, ila hawaendei mke wala baba wala mtoto, eti kwa kuwaonea huruma. Huwaendea ndugu wa mbali, na huja tena na tena mpaka wenyewe wakubali. Keike alipoambiwa alimwita Inken mwongo mbele ya watu. Lakini kilichomuuma hakikuwa uongo. Kilichomuuma ni kwamba Nahmen alikuwa ametoka baharini akampita yeye.

"Nifungulie, wifi," Inken alisema mlangoni. "Najua hutaki kuniona."

Wakakaa sebuleni, wakinong'ona, kwa kuwa mzee alikuwa amejilaza kwenye chumba chake nyuma ya jiko.

"Anakuja," Inken alisema.

"Sitaki kusikia."

"Utasikia. Godoro langu halikauki. Mume wangu kahamia chumba cha watoto. Wewe unamkatalia mchungaji, mimi ndiye ninayeanika mashuka." Kisha sauti ikamlainika. "Wifi, sikuja kugombana. Siku zote huja mikono mitupu. Juzi usiku alikuwa kakunja kiganja hivi, kama mtu aliyebeba kifaranga. Akakifungua. Mle ndani kuna samaki."

Keike aligeuka akalitazama tangi. "Samaki gani?"

"Wa chungwa. Ana mistari myeupe. Mzima kabisa, anahema kiganjani mwake."

Keike hakuwa amemwambia mtu yeyote kisiwani habari ya samaki aliyepotea. "Mkubwa au mdogo?"

"Mimi nitajuaje? Kama kidole changu hiki. Mkubwa, nadhani."

"Alikuwa anacheka? Nahmen. Alikuwa anacheka?"

"Hapana." Inken aliinama. "Nadhani alikuwa analia. Ila uso wote unachuruzika, siwezi kuapa." Akatazama mlango. "Na jana hakuja kwangu. Nilikesha nikimngoja, hakuja."

"Alikuja kwangu."

Inken akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Usiseme hivyo."

"Alisimama kando ya kitanda. Mto umelowa. Nenda juu ukaonje."

"Wifi, hawa hawaji kwa wenyewe. Bibi alikuwa akisema wakija kwa wenyewe hawajaja kuaga."

"Wamekuja kufanya nini?"

"Kuchukua," alisema Inken, kwa sauti ndogo sana, kana kwamba tangi lingemsikia.

Alimsihi twende kwangu, ulale kwangu, watoto watakupisha. Keike alikataa. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamshukuru kweli kweli, akafunga. Na hapa nitasema wazi alichokuwa akiwaza, maana yeye mwenyewe hakukificha baadaye. Alikuwa akiwaza kwamba akiitwa atakwenda.

Jua la Novemba huzama watu wakiwa bado kazini. Ilipoingia giza Keike alivaa koti la mvua na viatu, akazima taa zote, akaketi kwenye kiti cha Nahmen kilichokuwa kwenye kona, akiwa amelielekea tangi. Maji yalikuwa bado meupe. Mashine ilikoroma. Akaweka mikono magotini, kama mtu aliyeko kituoni akingoja usafiri.

Harufu ilikuja mapema kuliko alivyotarajia. Kisibiti. Kisha hatua, lakini hizi zilikuwa kavu, za mtu anayeburuza mguu. Mtu akasimama mbele ya tangi akafungua kifuniko. Keike akasikia kizibo kikitoka, maji yakigugumia.

"Chukua," sauti ilinong'ona. "Chukua fungu lako. Nimekupa zaidi ya jana."

Keike akawasha taa.

Mzee Brar alisimama pale na soksi zake, chupa ya köm mkononi, macho yakipepesa. Alikuwa baharia maisha yake yote, mtu mkubwa mwenye mabega ya mlango, na sasa alionekana kama ameshikwa akiiba sukari.

"Ni wewe," Keike alisema. "Ni wewe uliyewaua."

"Nimewaua nani?"

"Samaki, baba! Pombe imewaziba pumzi! Samaki wake!"

Mzee aliitazama chupa, akalitazama tangi, na ikaonekana kwamba kweli hakuwa amejua. "Ni maji yake," alisema taratibu. "Ni bahari ileile. Kwenda ufukweni goti langu haliwezi, nikasema Rasmus ni yuleyule, atasikia hata hapa. Mwanzo nilimwaga kijiko. Hajibu. Nikamwaga kikombe. Kisha mchungaji akaja na Jumapili yake, nikaona siku zinakwisha, nikamwaga nusu chupa." Akaikumbatia chupa. "Sikutaka mengi, binti. Mwili tu. Nataka kumzika mwanangu. Mama yake yuko pale makaburini peke yake, na nafasi ya pembeni ni ya nani?"

Hasira ya Keike iliisha ghafla, na chini yake hapakuwa na kitu. Kumbe ni hivyo tu. Baba na chupa. Kumbe hakuna aliyekuja. Kisha akakumbuka kitu.

"Na ngazi, baba? Ulikuja chumbani kwangu kufanya nini?"

"Chumbani kwako?" Mzee alimtazama kama amechanganyikiwa. "Goti hili halijapanda ngazi hizo tangu mwaka juzi. Unajua."

Alijua. Yeye ndiye aliyehamisha kitanda chake chini.

Mzee naye sasa aliona kitu. Aliona koti la mvua. Aliona viatu. "Unakwenda wapi usiku huu?"

Keike alishika kifungo cha koti.

"Binti. Unakwenda wapi?"

"Baba, ulimwambia nini Rasmus? Neno kwa neno."

Chupa iliteremka pole pole mpaka ikagusa kabati. "Nilimwambia," alisema mzee, "nilimwambia, nirudishie mwanangu, na wewe chukua unachokitaka ndani ya nyumba hii. Nilidhani... Kuna nini humu? Samaki, na mimi mzee nisiye na faida. Nilidhani atanichukua mimi."

"Na mimi, baba," Keike alisema. "Mimi pia nimo humu."

Wakatazamana. Mashine ya povu ikapaliwa, ikanyamaza kabisa, na juu, kwenye chumba kisichokuwa na mtu, ubao wa sakafu ukalia upande wa dirishani. Chwaa. Ukatulia. Mzee Brar, aliyewahi kuzunguka dunia na kuzika wenzake baharini, alimkamata mkwewe mkono wa koti akaung'ang'ania kwa mikono miwili, na wakakaa vile mpaka kukapambazuka, wamekaa chini sakafuni, hakuna aliyethubutu kutazama ngazi wakati maji yalipokuwa yakishuka kipandio kimoja kimoja, yakisimama, yakishuka, kama mtu aliyechoka anayewatafutia njia ya kuwapita.

Asubuhi yake Keike alimpigia simu mchungaji. Alisema, "Msome."

Kisha wakayarudisha maji ya tangi baharini. Inken alikuja na gari la mumewe. Walijaza ndoo, wakazipakia, wakafika ufukweni wakakuta maji yamekupwa, matope matupu hadi mbali, kwa hiyo wakakaa garini kungoja yajae. Inken aligawa chai kutoka kwenye chupa. Hakuna aliyesema kitu cha maana. Mzee alilalamika kwamba chai haina sukari.

Bahari iliporudi, mzee Brar alichechemea hadi ukingoni akiegemea fimbo. Hakuwa na chupa. "Rasmus," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani aliyegombana naye siku nyingi. "Sidai tena. Kaa naye. Na nilichosema nakirudisha mdomoni mwangu." Kisha akavua kofia.

Inken na Keike walimwaga ndoo zote isipokuwa ya mwisho. Hiyo Keike aliibeba peke yake, akaingia nayo majini, kwenye vifundo, kwenye magoti, na baridi ikamkata. Alisikia mzee akimwita. Aliendelea hatua nyingine. Alipoinamisha ndoo ilikuwa nzito kupita kiasi, kana kwamba kuna mtu ameshika upande wa pili wa mpini, asiyevuta wala kuachia, aliyeshika tu. Angeweza kwenda. Ilikuwa rahisi kabisa, mteremko ule haukuwa mkali. Alisimama hapo machozi na makamasi yakimtoka, na alimpenda mno yule aliyeshika upande wa pili.

"Nahmen amekufa," alisema.

Upepo ulilichukua neno. Akalirudia, kwa sauti ya kusikika hadi ufukweni. "Nahmen amekufa! Mume wangu amekufa!"

Nyuma yake mzee akapasuka kilio, kilio kikubwa cha kiume kilichokuwa kimefungiwa tangu siku ya glavu, na Inken akafuatia. Ndoo ikawa nyepesi. Maji yakamwagika. Kitu kidogo kikampitia kwenye kifundo cha mguu, mara moja, kikaenda zake. Yaweza kuwa mwani. Aligeuka akarudi nchi kavu, na Inken akamvisha blanketi.

Jumapili jina lilisomwa, mshumaa ukawaka, kanisa zima likalia bila aibu, watu waliokuwa wamengoja ruhusa yake tangu siku ya dhoruba. Jioni Inken alituma ujumbe wa maneno mawili. Mashuka yamekauka.

Usiku ule Keike aliuacha mlango wazi kwa mazoea. Hakuna taa iliyozimika. Hakuna ngazi iliyolia. Alilala hadi kukakucha, akaamka, akapapasa mto upande wa dirishani.

Akashuka ngazi pekupeku, polepole, akikanyaga kila kipandio kwa unyayo mzima. Tangi lilisimama tupu sebuleni, safi, na ndani yake mwanga wa asubuhi. Mzee Brar alitoka jikoni na vikombe viwili, akamkuta mkwewe amepiga magoti chini ya ngazi, anapapasa mbao kwa viganja, moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni na kurudi, akitafuta hata unyevu. Aliweka vikombe chini. Hakumwambia ainuke.

Sakafu ilikuwa kavu.